Dishi la Ukumbini na Matanga ya Ouma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ngazi, dira na koti la mvua la mtu aliyekuwa ameacha kazi. Koti lilinipwaya hadi magotini. Fundi Mkuu, Mhindi mwembamba mzaliwa wa Kisumu aliyekijua Kiswahili cha sokoni kunishinda mimi, alinitazama juu hadi chini, akacheka, kisha akaniuliza mashariki ni wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Mimi ni mtoto wa Siongiroi, nimekua nikichunga ng'ombe, sikuhitaji kufikiri.

"Hiyo ni mashariki ya ng'ombe," akasema. "Mimi nataka mashariki ya setilaiti. Shika dira."

Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi miezi mitatu kabla, na nilijiona najua mambo. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeshajua kwamba sijui chochote. Tulikuwa kwenye paa la duka moja mjini Kericho, tukizungusha dishi pana la futi kumi, kidogo kidogo, yeye akinifokea kutoka chini penye televisheni na mimi nikisukuma chuma kwa bega. Ukikosea kwa upana wa ukucha, skrini inajaa chengachenga. Picha ilipokuja, mwenye duka alipiga makofi, na mimi nilijisikia kama niliyeitengeneza ile sinema mwenyewe.

Nieleze tulichokuwa tukiuza, maana vijana wa sasa wanaotazama kila kitu kwenye simu huenda wasielewe. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, na tawi la Kericho lilikuwa ofisi ya chumba kimoja na stoo. Ilikuwa na kibali cha kuunganisha watu na chaneli moja ya sinema ya kulipia, ambayo haikutengenezwa kwa ajili yetu hata kidogo. Ilitengenezwa kwa watazamaji wa Asia. Ilirushwa kutoka mji mmoja wa huko, ikamwagwa juu ya nchi nyingi kwa mpigo, filamu za Kihindi, za Kichina, za Kikorea, mchana na usiku, na maandishi ya Kiingereza chini. Eneo linalofikiwa na mawimbi ya setilaiti tuliliita unyayo. Huko Asia walikanyagwa katikati ya unyayo, kwa hiyo kidishi kama sinia kiliwatosha. Sisi huku tulikuwa pale mwisho wa kidole kidogo, tukaokota kilichobaki kwa dishi la wavu ambalo watu wanne hulibeba wakitukana.

Kitu cha pili ni kwamba setilaiti yenyewe ilikaa chini sana upande wa mashariki, juu kidogo tu ya vilima. Mti mmoja wa mkaratusi mbele ya dishi unaua picha yote. Ndiyo maana nilipenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Chai inakatwa isipite kiuno cha mtu, hivyo dishi linatazama kilomita na kilomita bila kuzuiwa. Huko Londiani, nilikohamishiwa baada ya miaka miwili, mambo yalikuwa mengine. Misitu kila upande, na upepo wa kule haukuheshimu nati wala bolti. Nilikaa Londiani miaka mitatu, kisha Kipkelion miwili, nikihudumia hoteli moja, maduka machache na kambi ya wahandisi wa barabara kutoka Korea ambao waliniimbia siku nilipowawashia picha. Halafu Fundi Mkuu akaniita nirudi Kericho niwe msaidizi wake.

Mzee yule alikuwa na kanuni zake. Kebo haikunjwi kwa pembe kali, inapindwa kwa upole. Jicho, yaani kile kikopo kinachosimama mbele ya dishi na kupokea mawimbi, halishikwi kwa mikono yenye jasho. Na kanuni aliyoirudia kuliko zote ilikuwa hii:

"Kazi yako inaisha nyuma ya televisheni. Kile kiko mbele si yako. Mteja akiuliza kwa nini huyo mtu amekufa kwa sinema, wewe unajua? Hujui. Chukua spana yako uende."

Nilimheshimu kwa hilo, nikalishika. Baadaye nilijificha nyuma ya kanuni hiyo.

Wakati huo mashamba yalikuwa yameanza kuweka televisheni kwenye kumbi za wafanyakazi. Katika shamba moja, ambalo sitalitaja, Afisa wa Ustawi aliomba dishi kwenye ukumbi wa kambi ili wachuma chai wawe na kitu cha kutazama Jumamosi mchana badala ya kwenda kunywa. Nililifunga mimi. Saa za huko Asia ziko mbele ya zetu kwa saa tano, kwa hiyo filamu kubwa waliyoonyesha wao saa mbili usiku ilitufikia saa tisa alasiri, wakati watu wameshapimiwa majani, wameoga na wamebadilisha nguo. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Waliojua kusoma waliwasomea wenzao yale maandishi kwa sauti, Kiswahili, Kipsigis na Kijaluo kwa pamoja, na kelele hiyo ilikuwa nusu ya raha.

Ndipo nilipomjua Mama Ouma. Alikuwa mjane wa makamo, mchuma chai, mwenyeji wa upande wa ziwa ambaye alikuja Kericho na mumewe wakiwa vijana na hakurudi tena ila kwa mazishi. Siku moja nilikuwa nakaza bolti za dishi nyuma ya ukumbi, akaja na kikapu chake mgongoni bado, akasimama.

"Wewe ndiye unaleta sinema za huko Asia?"

"Nafunga dishi tu, Mama."

"Kijana yangu yuko huko. Ouma. Ameniandikia ati ameingia kwa sinema." Alitoa barua kifuani, ameikunja mara nyingi hadi mikunjo imeanza kutoboka. "Soma mwenyewe."

Nikasoma. Ouma alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Alikuwa amekwenda kufanya kazi ya ulinzi hotelini, na watu wa filamu wakamwona na kumwajiri kwa siku chache. Hakuwa na neno hata moja la kusema. Aliandika: "Mama, napita tu nyuma nimebeba gunia." Akataja jina la filamu. Mwanzo wa mwezi tulikuwa tunapokea kijitabu cha ratiba ya chaneli, nami nikamwahidi kwamba nitaangalia kila kinapofika. Ilichukua karibu mwaka. Siku nilipoliona jina lile kwenye ratiba, niliacha kazi nyingine nikaendesha pikipiki mpaka kambini kumwambia.

Jumamosi hiyo nilikaa naye benchi la mbele. Kushoto kwake alikaa Otieno, mwanawe wa pili, mwendesha mashine ya kukausha chai kiwandani, mtu mpole wa maneno machache. Filamu ilikwenda weee, watu wakipigana na kulia, hata nikaogopa kwamba tumekosea. Kisha ikaja bandari. Meli, kreni, wapagazi. Kijana mmoja mweusi akatokea kulia na gunia begani, bega la kushoto limeshuka kidogo, akavuka skrini yote. Katikati ya safari yake aligeuza uso akatutazama. Nadhani aliambiwa asifanye hivyo. Akatazama, akacheka, akapotea.

"Ouma!" Mama alikuwa amesimama. "Ouma wuoda! Mwanangu!"

Ukumbi mzima ulilipuka. Watu walimkumbatia, wakamkumbatia Otieno, wakanikumbatia mimi pia. Sijawahi kufurahia kazi yangu kama siku ile, na sikuifurahia hivyo tena.

Chaneli za sinema huishi kwa marudio. Filamu moja ikishanunuliwa, inaonyeshwa mara sita saba kwa mwezi, inapumzishwa, inarudishwa baada ya miezi michache, mwaka hadi mwaka. Sisi mafundi tulilijua hilo kama tunavyojua majina yetu. Mama Ouma hakulijua, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba linahitaji kusemwa. Kitu kingine alichokuwa anakiona kwenye televisheni ile ni taarifa ya habari na mpira, mambo ambayo huonyeshwa siku ileile. Kwake yeye, aliyemwona Ouma Jumamosi alikuwa amemwona Ouma wa Jumamosi hiyo hiyo.

Baada ya mwaka na kitu, Otieno alipata barua kutoka kwa vijana waliokuwa wakiishi chumba kimoja na kaka yake. Mashua ya abiria ilikuwa imezama wakivuka kwenda kazini. Wengine walipatikana. Ouma hakupatikana. Vijana wale walikuwa wamengoja wiki tatu kabla ya kuandika.

Mimi ni Mkipsigis, na mambo ya matanga ya Wajaluo nilikuwa nayajua kwa mbali tu. Otieno ndiye aliyenieleza. Mtu akipotea majini na mwili usipatikane, haachwi hivi hivi. Wanalichukua tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia chini ya mti kwa kamba yake, wanalizika badala ya mwili kwa heshima zote. Wazee wa ukoo waliitana, siku ikapangwa. Mama akakubali, akalia siku nne, wenzake wa kambini wakilala naye kwa zamu.

Jumamosi iliyofuata majirani walimpeleka ukumbini ili asikae peke yake. Hakuna aliyeangalia ratiba. Saa tisa ikafika, filamu ikaanza, na ilikuwa ile ile. Bandari ikaja. Ouma akatokea na gunia lake, akageuka, akacheka.

Sikuwepo. Nilielezwa kwamba Mama hakupiga kelele mara hii. Alifuta macho, akatoka nje, akamwambia Otieno apige simu kwa wazee wasitishe.

"Nimemwona leo," alisema. "Mtu amekufa anabeba gunia?"

Otieno alimweleza. Mchungaji alimweleza. Akawajibu wote jibu moja, kwamba barua huandikwa na watu na watu huwa na makosa, lakini macho yake ni yake. Kwa Otieno aliongeza, "Wewe unajua moto ya kukausha chai. Mambo ya sinema unajua nini? Ile siku fundi ataniambia, nitaamini."

Basi Otieno akaja ofisini kwetu, bado amevaa ovaroli la kiwanda.

"Kipkoech ndugu yangu, nisaidie. Mwambie tu vile hiyo kitu inafanya kazi. Kwamba hiyo picha ni ya zamani. Ukimwambia wewe atakubali."

Nikaenda. Njiani nilijipangia maneno yangu vizuri. Mama alinipikia chai ya maziwa, akaniketisha kwenye kiti chenye mto, akakaa mbele yangu akanitazama usoni. Nyumba za kambi zile ni ndogo, magoti yetu yalikuwa karibu kugusana.

"Wewe ndiye ulinionyesha yeye," akasema. "Wewe huwezi kunidanganya. Ouma yuko ama hayuko?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaiona mikono yake, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai ambao hautoki hata kwa sabuni, imekamata leso. Nikaogopa. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, nikamwogopa mama mmoja mwenye leso.

"Mama," nikasema, "mimi kazi yangu ni dishi. Ninachojua ni kwamba picha inatoka huko huko."

Si uwongo. Picha ilitoka huko. Ndivyo nilivyojiambia nikirudi kwa pikipiki, na nikaongeza kanuni ya Fundi Mkuu kwamba kilicho mbele ya televisheni si changu. Lakini nilijua alichosikia. Alinishika mikono yote miwili akanibariki, na kabla sijafika mjini kambi nzima ilikuwa imepata habari kwamba fundi amethibitisha.

Otieno hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimwambia nini hasa?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa mara kadhaa, akaenda zake.

Sikuelewa hasara niliyomtia mpaka nilipomuuliza, miezi mingi baadaye, kwa nini hajengi nyumbani kwao wakati shamba la baba yake lipo. Kwao, ndugu hujenga kwa kufuatana. Mdogo hatangulii mkubwa kufungua boma lake. Kama mkubwa amefariki, anazikwa, anaombolezwa, kisha mdogo anapita. Kama mkubwa yu hai, anangojwa. Na mama mwenye nyumba akiwa anasema mkubwa yu hai, hakuna mzee wa ukoo atakayekuja kumshikia Otieno nguzo ya kwanza. Kwa hiyo yeye, mkewe na watoto wao wakabaki kwenye nyumba ya kambi, nyumba ya kampuni ya chai, ambayo siku ukiacha kazi unarudisha ufunguo.

Huo ulikuwa mwanzo. Hali hiyo iliendelea miaka kumi na moja.

Katika miaka hiyo Fundi Mkuu alistaafu, mimi nikachukua nafasi yake. Tulifungua huduma Bomet, nikawa nashinda barabarani kati ya Bomet na Siongiroi, lakini ule ukumbi sikumpa fundi mwingine. Kila kijitabu cha ratiba kilipofika nililitafuta jina la ile filamu kabla ya kitu kingine. Miezi mingine haikuwepo. Ikiwepo, nilimpelekea Mama habari, yeye naye akinionyesha shukrani kwa mayai au kuku, ambavyo nilivipokea kwa aibu. Mara mbili nilimwambia Otieno kwamba naenda kusema kweli. Mara mbili nilikwenda, nikanywa chai, nikarudi.

Mama aliyatazama yale mapito ya sekunde chache kwa makini kuliko mkaguzi wa chai. "Hazeeki," aliniambia mwaka mmoja, kwa furaha. "Hewa ya huko ni mzuri." Mwaka mwingine alikuwa na malalamiko.

"Kipkoech, hawa watu hawampatii shati ingine? Kila saa ni hiyo tu."

"Labda ni sare ya kazi, Mama."

"Na hiyo gunia. Bega yake ya kushoto ilivunjika akiwa mdogo, alianguka kwa mti ya mapera. Huwezi kuwaambia wampunguzie?"

Nikamwambia nitawaambia. Ndiyo, nilisema hivyo. Sipati usingizi mzuri nikilikumbuka neno lile, na sitafuti wa kunionea huruma.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu. Ile chaneli ilikuwa inahamia setilaiti mpya, yenye nguvu zaidi na unyayo mdogo zaidi, uliopimwa vizuri ukae juu ya Asia peke yake. Huko watafurahi, picha itakuwa safi zaidi. Sisi tuliokuwa mwishoni mwa kidole tungeachwa nje kabisa. Hakuna dishi, hata la futi thelathini, ambalo lingeirudisha.

Meneja wa Tawi wakati huo alikuwa mama mmoja kutoka Nakuru, mchapakazi, hana muda wa hadithi. Nilimwomba tuuache ukumbi ule kwanza, niende kuzungumza na watu.

"Kuzungumza nini? Chaneli imeenda, imeenda," akasema bila kuinua macho. "Kuna mtu wa kuomboleza sinema?"

"Yuko mmoja, Madam."

Sasa akaniangalia. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Akaweka kalamu chini.

"Mzee," akasema polepole, "hiyo si dishi tena. Hiyo ni deni yako wewe. Enda mwenyewe."

Akaniandikia kadi ya kazi, ile karatasi tunayopewa kwa kila safari: ukumbi wa kambi, kung'oa dishi. Juu yake tarehe. Nilijua saa kamili ambayo mawimbi yangekatwa, Jumamosi, saa kumi alasiri.

Nilifika saa nane. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitasema kabla picha haijakatika. Mama alikuwa ameshakaa, benchi lile lile, nywele zimekuwa nyeupe zote. Filamu ya siku hiyo haikuwa ile ya Ouma, lakini kwake hilo halikuwa na maana, alikuja tu kama mtu anayepita nyumbani kwa mwanawe kuona kama yupo. Nikakaa kando yake. Watoto walikuwa wakipiga kelele nyuma. Nikafungua mdomo mara tatu, na mara tatu nikamuuliza habari za magoti yake.

Saa kumi picha iliganda. Mwanamke mmoja wa kwenye filamu alibaki amenyoosha mkono. Halafu skrini ikawa bluu, na maneno ya kusema hakuna mawimbi.

Watu walinigeukia, wakadhani nitatoka nje kukaza kitu. Mama Ouma hakugeuka. Aliitazama ile bluu kwa muda mrefu.

"Kipkoech. Imekatika huku ama huko?"

"Huko, Mama."

"Wewe hujagusa kitu?"

"Sijagusa."

"Na itarudi?"

"Haitarudi."

Akavua leso kichwani, akaifunga kiunoni kwa nguvu. Akasimama kwa kushika bega langu, kwa sababu magoti yalikuwa mabovu kweli, akatoka mlangoni. Nje, mbele ya chai yote ile, akapiga nduru, ile sauti ya kwao ya kutangaza kifo. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo kwenye beseni wakaja mbio. Hata wa kwetu, Wakipsigis, walioijua tu kwa miaka ya ujirani, walilia naye. Otieno alitoka kiwandani amejaa vumbi la chai, akamkumbatia mama yake, na juu ya kichwa chake akanitazama mimi.

Nililing'oa dishi siku hiyo hiyo. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Walilizika tunda la yago wiki mbili baadaye, nyumbani kwao upande wa ziwa, pembeni mwa kaburi la baba yake Ouma. Nilialikwa, nikaketishwa na jamaa. Tunda lilikuwa limevishwa shanga na kulazwa ndani ya sanduku dogo la mbao, na Mama aliweka shati jipya juu yake kabla halijafunikwa. Wakati wa kusimamisha msalaba, fundi rangi akauliza aandike tarehe gani. Wazee wakatazamana. Barua ya vijana wale ilikuwa na tarehe, Otieno alikuwa nayo nyumbani, na aliijua kwa moyo.

"Mwulizeni fundi," Mama akasema. "Yeye ndiye alikuwa na yeye mpaka mwisho."

Watu wote walinigeukia. Hapo palikuwa mahali pangu pa mwisho pa kusema kweli. Nilimtazama Otieno. Alikuwa ameinamisha kichwa, akichora udongo kwa ncha ya kiatu. Nikaitaja ile tarehe ya kwenye kadi yangu ya kazi, na fundi rangi akaiandika.

Mama Ouma aliishi miaka miwili zaidi. Alikufa kwa amani, watu wanasema, akijua watoto wake wote walipo.

Mimi nimestaafu. Tawi lilifungwa muda si mrefu baada ya pale, na sasa niko Siongiroi na ng'ombe wangu wanne. Madishi tuliyoyafunga kwa jasho yamekuwa paa za vibanda vya kuku kuanzia hapa mpaka Kipkelion. Vijana wanaofanya kazi za mitambo hunipitia kuniuliza mambo ya zamani, tulipimaje mwinuko bila simu, tulipitishaje kebo kwenye mawe. Nawaeleza. Kisha nawaambia kwamba wakiulizwa na mtu kitu wanachokijua, wamjibu, hata kama hakimo kwenye kadi ya kazi. Wananiitikia kwa adabu. Wanataka kusikia mambo ya kebo.

Mwaka jana Otieno aliniita nikaone nyumba yake. Alifungua boma lake hatimaye, baada ya kurudisha ufunguo wa kambi. Ni nyumba nzuri, ya mabati mekundu, vyumba vinne. Yeye na mkewe wanaishi wawili tu. Watoto walikwishakuwa watu wazima kabla msingi haujachimbwa, wametawanyika mijini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwenye vyumba vile zaidi ya usiku wa Krismasi. Alinizungusha chumba kwa chumba, akinitajia mtoto ambaye kila kimoja kilikusudiwa kuwa chake. Halafu tukakaa kibarazani tukanywa chai, wazee wawili wenye mvi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akasema alichokuwa nacho.

"Ulimpatia Mama miaka kumi na moja, Kipkoech. Alifurahi, niliona. Lakini hiyo miaka haikuwa yako ya kupeana. Ilikuwa yangu."

Alisema bila kupandisha sauti, akiwa ananiongezea chai.

"Ni kweli, Otieno," nikamwambia. Hakuna mtu mwingine wa familia ile niliyewahi kumpa jibu zima.